Mtoto wa jicho na kulenga shabaha: maswali mnayoniuliza kila Jumamosi

Haya wazee wenzangu, nimechoka kujibu kitu kimoja mara kumi huku chai inapoa, nimeamua niandike mara moja yaishe. Mimi sio daktari. Ni mstaafu wa miaka 66, nalenga shabaha kujifurahisha tu, bastola kwa karatasi mita 25 na shotigani kwa visahani vinavyorushwa hewani, na macho yangu yote mawili yameshafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, la kulia kwanza, la kushoto miezi minne baadaye. Kwa lile la kwanza nilikosea mimi, upasuaji wenyewe ulienda vizuri sana, ila nilinyamaza pale nilipotakiwa kuongea. Sehemu kubwa ya haya maelezo inatokana na huko kunyamaza.

Nitajuaje kama ni mtoto wa jicho au ni uzee tu?

Mimi nilianza kwa kulaumu bastola. Saiti ya mbele, kile kijino kilicho juu ya mdomo wa mtutu, ilianza kuonekana kama ina kivuli chake pembeni, nikasema rangi imeisha, nikaazima rangi ya kucha ya binti yangu, nyeupe, nikapaka. Kijino kikawa cheupe, kivuli kikabaki palepale. Alafu nikalaumu risasi. Alafu nikalaumu miwani, nikabadilisha mara mbili ndani ya mwaka mmoja, na kumbe hiyo ndo ilikuwa dalili yenyewe manake macho ya uzee wa kawaida hayabadiliki mbio hivyo.

Uzee wa kawaida, ule wa kusoma gazeti umenyoosha mkono, unaanza kwenye miaka ya 40 na unakunyima vitu vya karibu tu. Mtoto wa jicho ni lenzi yako mwenyewe, ile iliyo nyuma ya mboni, inapoteza uangavu, kwa hiyo karibu na mbali kote kunafifia. Kwetu sisi inajionyesha hivi: jua la saa kumi na moja likikupiga usoni huoni kitu, duara jeusi na karatasi yake vinakaribiana rangi, kisahani cha rangi ya chungwa kinapotea mbele ya miti, na hata ukifumba jicho moja lile lililobaki linakuonyesha vitu viwili viwili. Ukifika hapo kwenye viwili viwili acha kupaka rangi ya kucha, nenda ukapimwe. Na kama una kisukari au umetumia dawa za steroidi muda mrefu usingoje ufike huko, nyie inawawahi.

Nasikia lazima uingoje iive kwanza?

Enzi za mababu ndo walikuwa wanangoja, lenzi inatolewa nzima nzima na mtu anapewa miwani nene kama kitako cha chupa. Siku hizi unafanyiwa ikianza kukusumbua kwenye mambo yako, na kulenga shabaha ni jambo lako, mwambie daktari bila aibu. Ukiiacha ikomae sana inakuwa ngumu, kuivunja kunataka nguvu zaidi ndani ya jicho na kupona kunachelewa. Dawa ya matone au ya mizizi ya kuiyeyusha hakuna, anayekuuzia anakula pesa zako.

Wanafanya nini hasa huko ndani?

Ni kama dakika 15 au 20. Ganzi ya matone au ya sindano, uko macho, unasikia wanavyoongea habari za mpira. Wanatoboa tundu la milimita 2 na kitu, kinaingia kisindano kinachotetema kwa mawimbi ya sauti, kinavunjavunja lenzi chafu na kuifyonza, kisha lenzi ya plastiki inaingia ikiwa imekunjwa na inajifungua yenyewe ndani ya mfuko uleule. Njia hiyo aliianzisha Charles Kelman kule Marekani mwaka 1967. Kwetu hospitali nyingi wanatumia pia ile ya mkono bila mashine, tundu linafika milimita 6 au 7 na mara nyingi halishonwi, na watu wanaona vizuri tu, ila kwa sababu tundu ni kubwa uliza mapema mambo ya kurudi kwenye bunduki inayopiga teke.

Na hii mtaipenda. Wakati wa vita vya pili vya dunia marubani wa Uingereza walikuwa wanaingiwa machoni na vipande vya kile kioo cha plastiki kinachofunika ndege, kimepasuliwa na risasi za adui. Daktari Harold Ridley akaona jicho halivikatai vile vipande, vinakaa tu, na Novemba 1949 pale London akaweka lenzi ya kwanza ya plastiki ya aina hiyohiyo ndani ya jicho la mtu. Kwa hiyo lenzi yangu na yako asili yake ni risasi, msiniambie hobi yetu haina faida.

Nichague lenzi gani?

Hapa kaa chini usome polepole manake lenzi inachaguliwa mara moja, kuibadilisha baadaye ni upasuaji mwingine mgumu kuliko wa kwanza.

Lenzi ya kawaida inayowekwa na wengi inaona vizuri umbali mmoja tu. Haijivuti wala kujibana kama ile uliyozaliwa nayo. Kabla ya upasuaji wanakupima urefu wa jicho, kama milimita 24 hivi kwa watu wengi, na mkunjo wa konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, wanapiga hesabu wanapata namba ya lenzi. Lakini hesabu hiyo inataka kwanza mtu aseme: unataka uone wazi umbali gani? Usiposema chochote watakuwekea mbali, na hawajakosea, kwa mtu anayeendesha gari na kuangalia TV mbali ndo bora.

Sasa mlengaji wa bastola ana vitu vitatu kwenye mstari mmoja: saiti ya nyuma, saiti ya mbele, na karatasi kule. Jicho halijawahi kuviona vyote vitatu wazi kwa pamoja, hata ukiwa na miaka 20, na tangu siku ya kwanza tulifundishwa kinachotakiwa kuwa wazi ni saiti ya mbele, karatasi iache iwe na ukungu kidogo. Mimi jicho langu la kulia, ndo la kulengea, likawekewa mbali. Jumamosi ya kwanza niliporudi nikaona karatasi mita 25 kama nimeibandika puani, matundu ya jana yake nayahesabu, nikacheka peke yangu. Nikainua bastola. Saiti ya mbele ilikuwa pamba.

Kliniki haikuniuliza kama nalenga shabaha na mimi sikusema, nilidhani ni mambo ya hobi, hayahusu hospitali. Yanahusu. Nenda na namba. Hakikisha bunduki haina risasi, angalia mara mbili, shika mkao wako wa kawaida nyumbani, na mtu akupimie kwa kamba kutoka kona ya jicho mpaka saiti ya mbele. Yangu ni sentimita 68, kwa raifo huwa inakaribia mita moja. Chukua 1 ugawe kwa huo umbali kwa mita: 1 kwa 0.68 unapata karibu dayopta 1.5 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi). Hiyo ndo nguvu inayohitajika kuona saiti wazi kabisa ukiwa na jicho la mbali. Lakini ukiweka yote karatasi inapotea kabisa, kwa hiyo wengi wanachukua nusu hivi au zaidi kidogo, raifo karibu 0.5, bastola kati ya 0.75 na 1, ili saiti na karatasi zigawane ukungu.

Je uwekewe hiyo hiyo ndani ya jicho? Kama bastola ya saiti za chuma ndo maisha yako yote, jadiliana na daktari, wapo wanaokubali kuacha jicho la kulengea fupi kidogo, yaani lione wazi karibu kuliko mbali. Mimi kwa maoni yangu, mtu anayepiga visahani pia na anayeendesha gari usiku achukue mbali kwenye jicho la kulengea na kazi ya saiti aiachie miwani. Miwani unavua, lenzi huvui.

Na kama una astigimatizimu, yaani konea imekaa kama yai badala ya mpira, uliza lenzi ya toriki, ile inayorekebisha kasoro hiyo. Bei iko juu ila hiyo pesa inaonekana kwenye karatasi.

Na zile lenzi za gharama zinazoona karibu na mbali zote?

Zinagawa mwanga kwenye mafungu, fungu la mbali, fungu la karibu, na mwanga ni uleule haujaongezeka, kwa hiyo kila picha inapata mwanga pungufu na weusi wa duara unafifia kidogo. Usiku taa zinaota duara kama mwezi wenye mvua. Mtu wa kusoma na kupika anazifurahia sana. Mlengaji anayetafuta ukingo mkali wa kijino cheusi juu ya karatasi nyeupe, mimi ningemwambia afikirie mara tatu. Kuna zile za katikati zinazorefusha umbali bila kugawa sana, hizo angalau ni za kujadili. Mkiona nimezikalia kooni ni kwa sababu jamaa yangu anazo na kila saa kumi na mbili jioni anafunga begi anaenda nyumbani.

Mimi nishafanyiwa, nishawekewa mbali, saiti ni pamba. Nimekwisha?

Hujakwisha. Nilichofanya mimi: ile kamba niliyopimia nikaipiga fundo kwenye sentimita 68, nikafunga kalamu ya biki mwishoni, nikaenda nayo kwa fundi wa miwani. Bunduki iache nyumbani kwa usalama wa kila mtu, tafadhali, biki inatosha. Yule kijana alinicheka kwanza, alafu akaelewa, akanishikia kamba mwenyewe. Akaniwekea zile lenzi za majaribio moja moja, 0.75, 1, 1.25, 1.5, mimi nikiangalia ncha ya biki na bango la herufi ukutani nyuma yake. Kwenye 1.5 biki ilikuwa kali kama wembe na herufi zimeyeyuka. Kwenye 1 biki ilikuwa nzuri na herufi kubwa nazisoma. Nikachukua 1, upande wa kulia tu, kwenye miwani ya kulengea ya polikaboneti, ile plastiki ngumu isiyopasuka ovyo. Angalia tu ile lenzi ikae pale unapoangalia ukiwa umeinamisha kichwa, sio katikati ya fremu.

Dawa ya bei ya chini kuliko hiyo: kipande cha selotepu nyeusi chenye tundu la milimita 1 hadi 1.5, kibandike kwenye miwani pale jicho linapopita. Tundu dogo linafanya karibu na mbali vyote viwe wazi zaidi, ni jambo la fizikia, ndo maana wenye raifo za mashindano wanachungulia kwenye kijitundu. Hasara yake unapoteza mwanga, jioni haifai. Na bandika ukiwa umeshika mkao, sio mbele ya kioo cha bafuni, mimi nililipata tundu likiwa linaangalia nyusi.

Niweke nukta nyekundu niachane na saiti?

Yaani kile kioo kidogo kinachofungwa juu ya bunduki, ndani yake kuna nukta ya mwanga mwekundu. Kwa jicho lililowekewa mbali hii ndo ndoa halali. Ile nukta imetengenezwa ionekane kama iko mbali sana, kwa hiyo jicho linaangalia shabaha tu na nukta iko palepale, hakuna cha karibu cha kutafuta. Ila kama nukta yako inaonekana kama koma au zabibu lililopondwa usikimbilie kuirudisha dukani, ipige picha na simu, kwenye picha ikiwa duara basi kasoro ni astigimatizimu yako. Upasuaji unaweza kuipunguza au usiiguse kabisa, inategemea ilikuwa kwenye lenzi au kwenye konea.

Mwenye darubini ya kulengea juu ya bunduki: baada ya upasuaji zungusha ile pete ya nyuma upya mpaka msalaba unaouona ndani uwe mkali, ya zamani ilikuwa ya jicho la zamani. Elekeza mahali peupe, chungulia sekunde mbili tatu, toa jicho, rekebisha, rudia. Na usisogeze uso karibu kutafuta picha! Umbali wa jicho na darubini huwa sentimita 8 mpaka 10, chini ya hapo siku moja itakuachia alama ya nusu mwezi juu ya nyusi, na jicho lililotoka kushonwa au kufanyiwa hivi karibuni halitaki salamu hiyo.

Jicho langu bosi limebadilika?

Linaweza, na wapiga visahani mnisikilize manake mnapiga macho yote wazi. Karibu kila mtu ana jicho bosi, yaani lile ambalo ubongo unalifuata zaidi wakati wa kulenga. Kama mtoto wa jicho alianza kwenye lile la kulia, inawezekana la kushoto lilichukua ubosi polepole bila wewe kujua, ndo ile unapiga nyuma ya kila kisahani na unalaumu upepo. Likifanyiwa, la kulia linaweza kurudisha kiti chake. Jipime: nyoosha mikono, viganja vifanye dirisha dogo, weka kitu cha mbali ndani ya dirisha, funga jicho moja moja. Linalobaki na kitu ndilo bosi. Jipime kabla, jipime wiki ya pili, jipime mwezi wa tatu, na ukiwa na jibu mpelekee daktari kabla hajaamua jicho lipi liwe la mbali. Mimi la kulia liko mbali na la kushoto nikaomba liwe fupi kidogo, dayopta 1.25, ili nisome simu bila miwani, na bahati nzuri hiyo imemuongezea bosi nguvu kwenye visahani. Mpangilio huo hauwafai wote, wengine kichwa kinazunguka, kwa hiyo omba ujaribishwe kwa lenzi ya kubandika au miwani kwanza.

Mbona rangi zimebadilika?

Hazijabadilika, zimerudi. Lenzi ya uzee ni njano, inafika kahawia kama chai ya rangi, ulikuwa unaangalia dunia kupitia chai. Nilipofunguliwa bandeji niliona shati la mke wangu ni la samawati, miaka mitatu nilijua ni la kijivu. Kwa hobi yetu maana yake ni kwamba ile miwani ya njano au chungwa uliyozoea inaweza isikusaidie tena au ikawa kali mno, jaribu upya kila rangi na kisahani halisi angani. Na mwanzoni mwanga wa jua utakuumiza, vaa kofia yenye ukingo.

Narudi lini renji, yaani uwanja wa kulengea?

Daktari wako ndo anasema, sio mimi, na muulize hivi hivi: "nalenga bunduki yenye teke begani, naruhusiwa lini?" Usimuulize "naruhusiwa mazoezi?" atadhani unatembea. Wengi huruhusu bunduki ya upepo na ile ya risasi ndogo ya .22 mapema kuliko shotigani ya geji 12 yenye teke kubwa, na hiyo ya mwisho mara nyingi ni wiki kadhaa. Wiki za mwanzo ni matone ya dawa kwa saa, hakuna kusugua jicho, hakuna kuinua mizigo, hakuna maji machafu, na fikiria vumbi la renji yetu mwezi wa pili. Siku ya upasuaji wenyewe bunduki usiiguse kabisa, huenda umepewa dawa za kutuliza.

Jicho moja limefanyiwa, lingine bado. Nipige katikati hapo?

Niliishi hivyo miezi minne. Jicho moja jipya, lingine chai, umbali unaukosea, nilimwaga chai nje ya kikombe mara mbili. Karatasi nilipiga polepole, visahani niliacha kabisa, kitu kinachokimbia kinataka macho mawili yanayokubaliana.

Natumia dawa ya tezi dume, inahusu?

Sana, na sisi wazee tunaona aibu kusema. Tamsulosini inalegeza ile sehemu yenye rangi ya jicho, inapepea kama pazia katikati ya upasuaji. Daktari akijua mapema ana njia zake. Hata kama uliacha zamani, sema.

Ukungu umerudi baada ya mwaka, mtoto wa jicho anaota tena?

Haoti. Ule mfuko unaoshika lenzi mpya ndo umefifia kwa nyuma. Wanautoboa kwa miale ya leza, dakika chache, hakuna kisu, unaenda nyumbani. Mimi la kulia nishafanyiwa hiyo, niligundua pale kijino kilipoanza tena kuwa na kivuli na safari hii sikugusa rangi ya kucha.

Lini nikimbie hospitali?

Maumivu makali, wekundu unaozidi na kuona kunashuka siku za mwanzo: kimbia leo, hata kama ni Jumapili usiku. Wakati wowote baadaye ukiona vimulimuli, mvua ya vidoa vyeusi au pazia linashuka upande mmoja: kimbia leo pia, huenda ni retina hiyo, ile ngozi ya nyuma ya jicho inayopokea picha. Kile kivuli chembamba cha mwezi mchanga pembeni, wengi wanakiona wiki za kwanza na mara nyingi kinaisha, kitaje tu siku ya kliniki.

Sasa naona mbali bila miwani, ya nini kuvaa ya usalama?

Ganda la risasi lililo bado la moto liliruka kutoka kwenye bunduki ya jirani yangu mwezi uliopita likagonga polikaboneti ya kulia, upande wa lenzi ya dayopta 1, likaacha mkwaruzo wa urefu wa punje ya mchele. Bado naipigia hiyo hiyo, mkwaruzo uko chini kidogo ya mstari wa kijino.